Umeme wa Landrova ya zamani: kupata kitabu sahihi na kufuatilia hitilafu waya kwa waya

Nilipoinunua Landrova yangu ya Series III, ile ndefu ambayo wengi huiita 109, ilikuwa imesimama kwa muda mrefu chini ya mparachichi huko Usa River, na fundi wa kwanza niliyemwita aliniambia kwamba dawa yake ni kung'oa nyaya zote na kuweka mpya. Kasoro yenyewe ilikuwa hii: nikikanyaga breki, taa ya breki ya kulia iliwaka kwa mwanga hafifu, na indiketa za upande huo huo, ya nyuma na ya mbele, zikawaka kwa mbali ingawa sikuzigusa. Nilinunua swichi mpya ya breki, kisha swichi mpya ya indiketa, na hali haikubadilika. Baada ya wiki tatu niligundua kwamba skrubu moja inayoshikilia waya wa ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari, nyuma ya taa ilikuwa imeliwa na kutu. Umeme wa breki ulipokosa njia ya kurudi kwenye betri, ulipita ndani ya balbu ya indiketa ya nyuma, ukafuata waya wa kijani wenye mstari mweupe hadi indiketa ya mbele, na huko ukapata ethi. Jambo hilo lote lilikuwa limechorwa kwenye ukurasa mmoja wa kitabu ambacho wakati huo sikuwa nacho.

Mwongozo huu ni kwa mtu wa Arusha au Moshi anayefufua gari la zamani, hasa Landrova, na ambaye yuko tayari kutokata waya wowote mpaka awe na mchoro wa gari lake na awe amepima. Mifano yangu ni ya Series III, lakini namna ya kupima ni ile ile kwa Peugeot 504 au Volkswagen ya kobe.

Hatua ya 1: Tambua kwa hakika gari ulilonalo

Series III ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na katika miaka hiyo umeme wake ulibadilishwa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo kusema tu kwamba una 109 hakutoshi. Soma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa mbele kulia karibu na mahali spring inaposhikwa, baada ya kusugua matope na rangi kwa brashi ya waya, kisha uilinganishe na kibati cha ndani ya gari na kadi ya gari. Tarakimu za mwanzo zinaonyesha urefu wa gari, aina ya injini na upande wa usukani, na katika magari ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 herufi ya mwisho inaonyesha toleo la mabadiliko. Vitabu vya spea hutumia herufi hiyo kueleza kifaa fulani kilianza kufungwa kwenye magari yapi.

Usiiamini kadi peke yake. Landrova nyingi za huku zimeishi maisha mawili au matatu: bodi ya gari moja imewekwa juu ya chasisi ya jingine, injini ya petroli imetolewa ikaingia ya dizeli, na wakati mwingine injini ya Toyota imefungwa pamoja na nyaya zake. Fungua boneti uandike unachokiona. Je, kinachochaji betri ni dinamo au altaneta? Fyuzi ni ngapi? Wipa zinaendeshwa na mota moja au mbili? Tazama pia ni teminali ipi ya betri iliyofungwa kwenye chasisi, kwa sababu Landrova za kabla ya mwaka 1967 zilitoka kiwandani zikiwa na chanya kwenye ethi, na mtu akifunga altaneta au redio ya kisasa bila kulijua hilo huziunguza siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Tafuta vitabu vitatu, si kimoja

Wengi hutafuta "manyuo", yaani kitabu cha maelekezo ya gari, kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa gari la zamani kuna kitabu cha mmiliki, ambacho ni chembamba na hueleza swichi, balbu na fyuzi. Kuna kitabu cha gereji, ambacho hueleza namna ya kufungua na kupima kila kifaa. Na kuna orodha ya spea yenye michoro inayoonyesha vifaa vikiwa vimetenganishwa, pamoja na namba zake. Kwa kazi ya umeme utahitaji vyote vitatu, na hicho cha kwanza kisidharauliwe, kwa kuwa mara nyingi ndicho chenye orodha ya wati za balbu na ukubwa wa fyuzi.

Anza kuulizia karibu. Katika gereji za Unga Limited na Ngarenaro wapo wazee waliofundishwa kazi wakati Landrova ndiyo iliyokuwa gari la serikali, la misheni na la utalii, na baadhi yao bado wana vitabu vyenye mafuta ya grisi kwenye kurasa zake. Kuna adabu ya kuviomba. Usiende ukidai kuazima. Nenda asubuhi kabla kazi haijachanganya, mwamkie mzee, mweleze gari lako na kasoro yake, kisha omba ruhusa ya kupiga picha kurasa za umeme pale pale mezani pake. Niliyemwendea mimi aliitikia shikamoo yangu akasema, "Kijana, kitabu hakitoki hapa, ila meza ipo na mwanga upo," akafuta meza kwa kitambaa kabla sijatoa simu. Piga picha ukiwa umesimama juu ya ukurasa, bila flashi, na upige pia ukurasa wa orodha ya namba, kwa sababu mchoro usio na orodha hiyo hausomeki. Uliza vilevile kwenye gereji za misheni na za kampuni za utalii za zamani upande wa Moshi, ambako mara nyingine kabati la stoo halijafunguliwa miaka mingi.

Mtandaoni nakala zipo nyingi, za bure na za kulipia. Hifadhi ya Internet Archive ina vitabu vya magari vilivyoskaniwa, na nakala za vitabu vya Landrova zimechapishwa upya na kuuzwa hadi leo. Vitabu vya Haynes, vya Uingereza, viliandikwa kwa kulifungua gari zima na kulifunga tena, na maelezo yake ya hatua yanafaa sana kwa anayeanza; hata hivyo michoro yake ya umeme mara nyingine hukusanya matoleo kadhaa katika ukurasa mmoja, kwa hiyo nakala ya kiwandani ndiyo ninayoiamini zaidi. Unapotafuta, andika jina la muundo, mwaka, aina ya mafuta na herufi ya chasisi. Ukikwama, tafuta kwa namba ya kifaa: vifaa vya Lucas, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, vimegongwa namba kwenye chuma chake, na aghalabu pamoja na tarehe ya kutengenezwa, na namba hiyo itakufikisha mahali ambapo jina la gari halitakufikisha.

Kabla ya kuuamini mchoro wowote, ulinganishe na yale uliyoyaandika chini ya boneti. Mchoro ukionyesha dinamo na wewe una altaneta, au fyuzi mbili na wewe una nne, huo si wa gari lako hata kama jalada linasema ndio.

Hatua ya 3: Paka mchoro rangi

Michoro ya zamani ilichapishwa kwa wino mweusi, na rangi za nyaya zimeandikwa kwa herufi. Peleka nakala steshenari, iongezwe hadi ukubwa wa A3 au zaidi, kisha kaa nayo jioni moja ukiwa na penseli za rangi za watoto na ufuate kila mstari kwa rangi yake. Sijapata njia bora ya kuujua umeme wa gari kuliko hiyo, kwa sababu mkono unapofuata waya kutoka betri hadi swichi hadi taa, kichwa nacho kinafuata.

Magari ya Kiingereza ya wakati huo yana lugha yake ya rangi. Kahawia ni umeme wa betri usiozimwa na funguo. Nyeupe ni umeme unaokuja baada ya kuwasha funguo, na kijani ni huo huo wa funguo ukiwa umepita kwenye fyuzi. Zambarau ni wa betri uliopita kwenye fyuzi, kama wa honi. Nyekundu ni taa ndogo. Bluu ni taa kubwa: bluu yenye mstari mweupe ni mwanga mrefu, na bluu yenye mstari mwekundu ni mwanga mfupi. Nyeusi ni ethi. Taa ya breki ni kijani na zambarau, indiketa ya kushoto ni kijani na nyekundu, na ya kulia ni kijani na nyeupe. Ukishika rangi hizi, unaweza kuinama chini ya dashibodi usiyoijua na bado ukaelewa kila waya unatoka wapi. Mwenye Volkswagen atumie namba badala ya rangi: Wajerumani huandika 30 kwa umeme wa betri, 15 kwa wa funguo, 31 kwa ethi na 50 kwa stata, na namba hizo zimegongwa kwenye vifaa vyenyewe.

Hatua ya 4: Vifaa

Utahitaji mita ya kupimia volti na ohmu, taa ya majaribio, brashi ya waya, msasa laini, koleo ya kubana teminali, na balbu ya wati 21 iliyoungwa nyaya mbili. Mita ya bei nafuu inatosha. Vua saa ya chuma na pete, kwa kuwa spana au pete ikigusa chanya na bodi kwa pamoja hugeuka nyekundu mara moja.

Hatua ya 5: Anza na betri na ethi, hata kama una hakika tatizo liko kwingine

Pima betri asubuhi, gari likiwa limelala bila kuwashwa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 imebaki takriban nusu, na chini ya 12 imeisha. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Injini ikiwa inanguruma, altaneta nzima itatoa kati ya 13.8 na 14.4. Kwa betri ya kuongezwa maji, tumia maji ya betri pekee; maji yetu ya bomba na visima chini ya Mlima Meru yana madini mengi, floridi ikiwamo, na madini hayo huharibu sahani za betri polepole.

Sasa ethi, na hapa ningependa usiharakishe. Bodi ya Landrova ni ya alumini na chasisi ni ya chuma, na metali hizi mbili zikikutana penye unyevu hulana, ikabaki unga mweupe unaozuia umeme. Ongeza vumbi letu la kiangazi, ambalo huingia kila mahali, na matope ya masika, nawe utaelewa kwa nini taa nyingi za nyuma hukosa ethi wakati balbu, fyuzi na swichi ni nzima.

Mtu akipima ethi kwa ohmu mara nyingi hudanganyika, kwa sababu uzi mmoja wa waya uliobaki unatosha kuonyesha sifuri kwenye mita, ilhali hautoshi kubeba umeme wa taa. Pima kwa volti huku taa inawaka. Weka waya mweusi wa mita kwenye teminali ya hasi ya betri na mwekundu kwenye chuma cha nyumba ya taa, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha soma. Ethi nzuri itaonyesha chini ya volti 0.2. Ile taa yangu ya kulia ilionyesha zaidi ya volti 7. Nilifungua skrubu, nikasugua hadi alumini iking'aa, nikaweka washa yenye meno, nikapaka mafuta mazito kidogo juu yake, kisha nikavuta waya mweusi mpya kutoka taa hadi kwenye chasisi yenyewe. Mita ikashuka hadi 0.05, na indiketa zikatulia.

Fanya kipimo hicho hicho kati ya injini na hasi ya betri wakati stata inapigwa. Waya mpana wa ethi wa injini ukikatika, umeme mkubwa wa stata hutafuta njia nyingine, na njia yenyewe mara nyingi ni kebo ya choki au ya mafuta. Ukiona kebo hiyo inapata moto au imeyeyusha gamba lake, usiibadilishe kabla hujarekebisha ethi.

Unapofungua betri, anza kila mara na teminali iliyofungwa kwenye chasisi, na unapofunga, hiyo iwe ya mwisho. Katika gari lenye altaneta usiifungue betri injini ikiwa inawaka.

Hatua ya 6: Fuatilia saketi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho

Chukua mfano wa taa kubwa zinazowaka kwa unyonge, kasoro ambayo anayesafiri usiku kati ya Arusha na Moshi, penye bodaboda na watembea kwa miguu pembeni mwa barabara, hapaswi kuivumilia. Balbu ya wati 60 kwenye volti 12 hutumia ampea 5, kwa hiyo mbili ni ampea 10. Kizuizi cha ohmu 0.1 tu njiani hula volti 1 nzima. Nayo balbu ya uzi ni kali katika jambo hili: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30.

Washa taa, weka waya mwekundu wa mita kwenye chanya ya betri na mweusi kwenye waya wa bluu unaoingia kwenye balbu. Namba utakayoisoma ni volti zilizopotea njiani, zikizidi 0.5, rudi nyuma kipande kwa kipande: kabla ya kiungio, baada ya swichi ya mwanga mrefu na mfupi, kabla ya swichi kuu. Mahali namba inaposhuka ghafla ndipo ulipopita kasoro. Katika Series III mara nyingi huwa ni vile viungio vidogo vya duara vinavyochomekwa kwenye mrija wa mpira mweusi. Vichomoe, visugue, na mrija uliolegea uubadilishe. Ikiwa upotevu uko ndani ya swichi, weka rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo) karibu na taa, na fyuzi kwa kila moja, ili swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuamrisha rilei tu. Katika magari mengi ya Kiingereza ya miaka hiyo taa kubwa hazikupewa fyuzi kabisa, kwa hiyo rilei zitakupa mwanga na usalama kwa pamoja.

Hatua ya 7: Fyuzi inayokatika kila ikiwekwa

Usiweke fyuzi kubwa zaidi, na usifunge karatasi ya sigara wala uzi wa waya. Fyuzi ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35 lakini hubeba kwa kudumu takriban 17 tu. Fyuzi za nchi nyingine zinazofanana nayo kwa umbo zinaweza kuandikwa namba ya kubeba, siyo ya kukatika, na mtu akiweka ya 35 ya aina hiyo huacha waya uungue ndiyo fyuzi ikatike. Badala ya hiyo ya Lucas tafuta ya 15 au 20.

Kuipata shoti, toa fyuzi na mahali pake unga ile balbu ya wati 21. Ikiwepo shoti, balbu itawaka kwa nguvu, lakini hakuna kitu kitakachoungua kwa sababu balbu yenyewe inazuia umeme. Sasa chomoa vifaa vya saketi ile kimoja kimoja, na tikisa kila fungu la nyaya linapopita kwenye tundu la bati. Balbu ikizima au ikififia ghafla, umefika. Kwangu ilikuwa pale nyaya zinapoingia kwenye chasisi ya nyuma, mpira wa tundu ulipokuwa umeoza.

Hatua ya 8: Kuchaji, na geji zinazosema uongo

Ukiwasha funguo bila kuwasha injini, taa nyekundu ya chaji lazima iwake. Wengi hufurahi isipowaka, kumbe altaneta ya Lucas hutegemea umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ili ianze kuzalisha, na balbu ikiungua, altaneta isiyo na kasoro huonekana mbovu. Badilisha balbu kabla ya kubadilisha altaneta.

Betri ikiisha usiku, fungua waya wa hasi na uweke mita ya ampea kati yake na teminali, kila kitu kikiwa kimezimwa, nawe usiguse stata. Gari la aina hii halina kompyuta, kwa hiyo isipokuwa lina saa au redio, usomaji uwe karibu na sifuri. Ikiwa sivyo, chomoa kwanza plagi ya altaneta, kwa kuwa dayodi mbovu ndani yake, inayoacha umeme urudi nyuma, ni mwizi wa kawaida.

Geji ya mafuta na ya joto zikipanda zote mbili kwa wakati mmoja, injini huenda haina tatizo. Nyuma ya dashibodi kuna kifaa kidogo kinachopunguza umeme wa geji hadi wastani wa volti 10, na kikikosa ethi huzipa volti zote za betri. Sugua mahali kilipofungwa kwanza.

Hatua ya 9: Kuunga waya

Nyaya za nyumba zisiingie kwenye gari. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu hukatika ndani kwa mtikisiko wa barabara, na rangi zake humpoteza atakayekuja baadaye. Tumia waya wa magari wenye nyuzi nyingi: nyuzi 14 za milimita 0.30, yaani milimita 1 ya mraba, kwa taa ndogo na indiketa; nyuzi 28, yaani milimita 2 za mraba, kwa taa kubwa. Ukikosa rangi halisi Arusha, funga kipande cha tepu ya rangi inayotakiwa kwenye ncha zote mbili. Bana teminali kwa koleo yake, vuta kwa mkono uhakikishe, na shika fungu zima kila sentimita 20 hivi lisisuguane na bati.

Kila badiliko liandike kwenye ule mchoro uliopaka rangi, kwa penseli, pamoja na tarehe: rilei iliyoongezwa, ethi mpya, waya uliobadilishwa na rangi yake. Nakala yangu iko ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kiti cha katikati, na fundi yeyote anayeinua boneti ya gari hili hupewa hiyo kabla ya kupewa funguo.